Kipa wetu asitolewe kwa wachezaji wawili na mfuko wa vifaa

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nitoe maoni yangu kuhusu jambo ambalo kwa wiki tatu sasa limekuwa likizungumzwa kila jioni hapa Kakamega, pembeni mwa uwanja ambako timu yetu ya wanawake ya mpira wa magongo hufanyia mazoezi. Klabu moja ya Nairobi, inayotushinda kwa fedha na kwa jina, imeomba ipewe kipa wetu mkongwe, na badala yake iko tayari kutupa wachezaji wawili chipukizi, kiungo na mshambuliaji, pamoja na seti nzima ya vifaa vipya vya kipa. Baadhi ya viongozi wetu wamekwisha kulikubali ombi hilo mioyoni mwao ingawa bado hawajatia saini, na mashabiki wamegawanyika. Ninaandika kuwasihi viongozi hao wasikubali, angalau si msimu huu na si kwa namna hii.

Mimi si kocha wala si kiongozi wa klabu. Ni fundi wa viatu, na kibanda changu kiko hatua chache kutoka barabara ya kuelekea Mumias. Nilianza kumjua kipa huyu mwaka 2014, alipoleta kinga zake za miguu zikiwa zimekatika mikanda, akaniuliza kama mtu anayeshona viatu anaweza kushona na vitu kama vile. Sikuwa nimewahi kuviona kwa karibu. Ni vipande viwili virefu vya sponji ngumu, vinavyoanzia kwenye kifundo cha mguu hadi juu ya goti, na chini yake huvaliwa vingine vinavyofunika kiatu chote, ambavyo kipa huvitumia kuupiga mpira teke. Nikamwambia aviache, nikavishona kwa uzi wa nailoni, na tangu siku hiyo hakuna msimu uliopita bila kinga hizo kufika mezani kwangu. Nafikiri hakuna anayezijua kuliko mimi isipokuwa yeye mwenyewe anayezivaa.

Nalisema hili kwa sababu kinga zina kumbukumbu. Mpira wa magongo una uzito wa kati ya gramu 156 na 163, ni mgumu kama jiwe la mtoni, na kila unapogonga sponji kwa nguvu huacha alama ambayo haifutiki. Katika miaka ya kwanza kinga za dada yetu zilikuwa na alama kila mahali: ubavuni, juu ya goti, kwenye kona za nje za vile vifuniko vya viatu, hata nyuma karibu na mikanda, mahali ambapo mpira hauwezi kufika isipokuwa kipa amegeuka akianguka. Mtu aliyezitazama angejua kwamba aliyezivaa alikuwa akirushwa huku na huku langoni, akiufuata mpira kila unakokwenda. Leo alama mpya ziko mahali pawili tu, katikati ya muundi na upande wa ndani wa kidole gumba cha mguu wa kulia. Maana yake ni kwamba siku hizi mpira unamkuta amekwisha kusimama unakokuja. Na kuna jambo la pili, ambalo kwangu ni zito zaidi. Zamani nilizishona mara tatu au nne katika msimu mmoja. Msimu uliopita nilizishona mara moja tu, na ilikuwa kwa sababu ya kishikio kilichokatika, si kwa sababu ya kupigwa.

Niliposoma katika ukurasa huu barua ya msomaji mwenzangu aliyedai kwamba kipa wa miaka 35 ni mzigo, na kwamba kupungua kwa michomo anayoiokoa ni ushahidi kwamba amechoka, nilizitoa kinga hizo chini ya meza nikazitazama tena. Michomo anayoiokoa imepungua, ni kweli. Lakini imepungua kwa sababu michomo inayofika langoni imepungua, na haikupungua yenyewe. Huenda mtu akasema sifa hiyo ni ya mabeki. Basi na atazame mabeki hao ni akina nani: watatu kati ya wanne walijiunga na timu katika misimu miwili iliyopita, wakitoka moja kwa moja shuleni.

Nilikwenda uwanjani Jumamosi tatu mfululizo ili nisizungumze kwa kukisia. Mvua ilikuwa imenyesha siku ya pili, na uwanja wetu, ambao ni wa nyasi na una bonde dogo upande wa kushoto wa lango la chini, ulikuwa na maji. Wapinzani wakapata kona fupi. Wasomaji wasioufuata mchezo huu wajue kwamba kona fupi ndiyo hatari kubwa kuliko zote katika magongo: mshambuliaji mmoja anautoa mpira kwenye mstari wa mwisho, mita 10 kutoka kwenye nguzo, wenzake wanausubiri nje ya duara lililochorwa mbele ya lango, na walinzi hawaruhusiwi kuwa zaidi ya watano nyuma ya mstari huo, kipa akiwa mmoja wao. Waliobaki wote wako mbali, nyuma ya mstari wa katikati. Mabeki wetu wanne walikuwa wamevaa barakoa zao za kujikinga uso, na ilionekana wazi kwamba wawili kati yao walikuwa na hofu. Kabla mpira haujatolewa, kipa alimgusa beki wa kwanza begani, akamwonyesha lile bonde kwa ncha ya gongo lake, akasema, "Hapa utapungua kasi. Usikimbilie mpigaji, kimbilia maji." Mpira ukatolewa, ukazuiwa, ukapigwa, ulipofika penye maji ukafa kama alivyosema, na beki yule akawa amekwisha kufika. Hatukufungwa. Katika daftari la takwimu za mechi, kipa hakuandikiwa chochote, kwa sababu hakuugusa mpira.

Hilo ndilo ninalotaka viongozi walipime kabla ya kutia saini. Wanaohesabu michomo iliyookolewa wanahesabu kile kilichompita kila mtu mwingine kikamfikia kipa. Hawahesabu kona zilizokufa kwa neno moja, wala ile nafasi ambayo mshambuliaji aliiona ikiwa wazi, akainua kichwa, akakuta kipa amekwisha kusogea hatua mbili na nafasi imeziba. Huyu dada hutoka kwenye mstari wake mapema, wakati mshambuliaji bado anautuliza mpira, na mara nyingi mpira hupigwa nje bila hata kumgusa. Ni kazi isiyo na tarakimu, na mtu akiibadilisha kwa kitu chenye tarakimu ataamini amepata faida mpaka mechi ya tatu.

Kuhusu umri sitasema mengi, kwa maana hoja yenyewe ni nyepesi. Kipa wa India, P. R. Sreejesh, alikuwa na miaka 36 katika Olimpiki ya Paris ya mwaka 2024. Katika robo fainali dhidi ya Uingereza, India ilicheza sehemu kubwa ya mechi ikiwa na wachezaji 10, ikatoka sare ya 1-1, ikashinda 4-2 katika mikwaju ya kuamua, kisha ikatwaa medali ya shaba kwa kuishinda Uhispania 2-1. Miaka mitatu kabla ya hapo, kule Tokyo, Ujerumani ilipata kona fupi sekunde za mwisho India ikiongoza 5-4, na ni yeye aliyeizuia, India ikapata medali yake ya kwanza ya Olimpiki katika magongo tangu mwaka 1980. Wanaopenda soka zaidi watamkumbuka Essam El-Hadary wa Misri, aliyedaka penalti katika Kombe la Dunia la mwaka 2018 akiwa na miaka 45. Na wazee wa hapa Kakamega, ambao ukiwatajia Ingwe, yaani timu ya soka ya AFC Leopards, macho yao hung'aa, wanajua kwamba lango halizoeleki kwa siku moja. Bado wanamtaja Mahmoud Abbas, "Kenya One", kana kwamba alidaka jana. Miguu ya kipa huchoka kama ya mchezaji yeyote, lakini macho yake na sauti yake huendelea kujifunza.

Lakini si haki niseme kwamba wanaotaka kumtoa hawana hoja. Wanayo moja ambayo mimi mwenyewe ilinikosesha usingizi. Tunaye kipa wa pili, msichana wa miaka 19, aliyelelewa katika mojawapo ya shule za eneo hili zinazoujua mchezo huu vizuri. Ana kasi ya ajabu. Katika mikwaju ya kuamua mshindi, ambapo mshambuliaji huanzia kwenye mstari wa mita 23 na ana sekunde nane tu za kufunga, huyu binti hutoka langoni kama mshale, na mazoezini huwazuia wachezaji ambao mkongwe wetu angelazimika kuwangoja. Msimu mzima uliopita alikaa benchi. Mamake alinijia kibandani akaniambia kwa sauti ya chini kwamba mtoto ameanza kusema ataacha magongo aende kutafuta kibarua. Wanaosema kwamba mkongwe anamzibia njia hawasemi uongo.

Ndiyo maana nimewauliza watu wanaoujua mchezo huu kama ni lazima mmoja aondoke ili mwingine acheze, na jibu ni kwamba si lazima. Magongo si kama soka. Kanuni zinaruhusu kubadilisha wachezaji mara nyingi upendavyo, anayetoka anaweza kurudi, na kipa ni mmoja wao. Kinachokatazwa ni kubadilisha wakati kona fupi inachezwa. Mechi ina robo nne za dakika 15 kila moja. Kocha anaweza kumpa binti robo ya tatu katika kila mechi ya ligi, mkongwe akiwa benchi nyuma yake akimwambia anachokiona, kisha mkongwe akarudi kuifunga mechi. Anaweza kumpa mechi nzima dhidi ya timu zilizo chini yetu. Anaweza kumwingiza dakika ya mwisho mechi inapoelekea kwenye mikwaju ya kuamua, maana huko kasi yake ndiyo inayotakiwa. Sielewi kwa nini mambo haya hayajajaribiwa hata mara moja, na tayari tunazungumza juu ya kumpeleka mtu Nairobi.

Mpwa wangu anafanya kazi Kanada, nchi ambayo magongo ya barafu ni kama soka kwetu, na nilipompigia simu kumweleza jambo hili aliniambia kwamba kule hubishania jambo hilohilo kila mwaka. Katika ligi yao ya NHL, timu hubadilishana wachezaji kama ilivyo kawaida ya biashara yao, na kipa mkongwe ndiye anayezua mjadala mkali kuliko wote. Alinisimulia kisa cha Patrick Roy, ambacho baadaye nilikisoma mwenyewe. Tarehe 2 Desemba 1995 timu yake ya Montreal ilifungwa 11-1 na Detroit nyumbani, kocha akamwacha langoni mpaka akafungwa mabao tisa, na kipa huyo akatoka uwanjani akimwambia rais wa klabu kwamba hatacheza tena Montreal. Siku nne baadaye alipelekwa Colorado pamoja na nahodha, na Montreal ikapokea wachezaji watatu, mmoja wao kipa kijana. Kwenye karatasi, watatu kwa wawili. Colorado ilitwaa Kombe la Stanley, ndilo kombe la ubingwa wa ligi hiyo, msimu uleule, mwaka 1996, ikalitwaa tena 2001 Roy akiwa langoni. Montreal haijalitwaa tangu mwaka 1993, na hilo la 1993 ni Roy huyohuyo aliyewapa.

Kisa cha Vancouver kinanigusa zaidi, kwa kuwa kinafanana na chetu. Walikuwa na mkongwe, Roberto Luongo, na kijana, Cory Schneider, wakashindwa kuamua. Kwa muda mrefu ilisemekana mkongwe ndiye atakayeondoka. Mwishowe, Juni 2013, wakamtoa kijana kwa nafasi moja ya kuchagua chipukizi timu za ligi zinapogawana wachezaji wapya. Na Machi 2014 wakamtoa na mkongwe. Katika miezi tisa makipa wote wawili walikuwa wamekwenda. Walikuwa na makipa wawili ambao kila timu iliwatamani, wakabaki bila yeyote, na chanzo ni kwamba mambo yaliachwa yakae bila kuzungumzwa waziwazi na wahusika.

Sitauficha mfano unaonipinga. Vegas walimtoa Marc-André Fleury Julai 2021, wiki chache tu baada ya kutuzwa kuwa kipa bora wa ligi nzima. Msimu uliofuata walikosa hata kuingia kwenye mchujo, lakini mwaka 2023 walitwaa kombe wakiwa na kipa mwingine, na anayetaka kusema kwamba hawakukosea ana haki ya kusema hivyo. Ila akumbuke kwamba siku Vegas walipomtoa Fleury walikuwa na kipa mwingine aliyekomaa, Robin Lehner, aliyekwisha kucheza mamia ya mechi katika ligi hiyo. Sisi tuna binti ambaye hajamaliza mechi moja ya ligi. Tena wale wana uwezo wa kununua kipa mwingine mambo yakienda mrama. Sisi tukikosea tutakwenda wapi?

Kuna tofauti nyingine, na hii ndiyo inayoniumiza. Mchezaji wa NHL ana mkataba na mshahara mkubwa, na wakongwe wengi huandikiwa katika mikataba hiyo haki ya kukataa kupelekwa wasikotaka. Dada yetu halipwi. Anafanya kazi katika duka la dawa, ana watoto wawili katika shule ya msingi, na nauli ya kwenda kwenye mechi za ugenini mara nyingi huitoa mfukoni mwake. Kumpeleka Nairobi ni kumwambia aache kazi, awahamishe watoto katikati ya mwaka au awaache kwa nyanya yao, akapange chumba katika mji ambao kodi ya mwezi mmoja inaweza kumeza mshahara wake wa sasa. Na mpaka ninapoandika barua hii hajaulizwa. Alikuja kibandani juzi kuchukua vifuniko vya viatu nilivyokuwa nimevibandika gundi, akasimama kimya kwa muda, kisha akaniambia, "Mzee, nasikia nimeuzwa." Sikujua la kumjibu. Nilimpa kiti. Alizungumza juu ya mpira uliompita katika mechi ya mwisho, jinsi mguu wa kushoto ulivyochelewa kidogo, akauliza kama ningeweza kupunguza uzito wa kinga upande ule. Kuhusu Nairobi hakusema neno lingine.

Viongozi wanajua kwamba mchezaji hahami klabu bila ridhaa yake. Basi ni vipi makubaliano yafikishwe mpaka hatua ya kutajiana idadi ya wachezaji na aina ya vifaa kabla hajaitwa mezani? Ikiwa yeye mwenyewe anataka kwenda, kwa sababu ya kazi bora au kwa sababu ameona ni wakati wa kucheza ligi kuu kabla miguu haijachoka, nitakuwa wa kwanza kumsindikiza mpaka stendi, na barua hii ihesabiwe kwamba haikuandikwa. Lakini ni yeye wa kulisema hilo.

Tena tusisahau eneo hili lina nafasi gani katika mchezo huu. Shule zetu ndizo kitalu cha magongo ya Kenya: Musingu hapa kwetu, Kamusinga na Misikhu kule Bungoma, Tigoi katika Vihiga, Sinyolo kule Kisumu, St. Anthony's kule Kitale. Wakimaliza kidato cha nne, wenye vipaji huchukuliwa na vyuo na klabu za Nairobi, na sisi tunaobaki tunaanza upya na watoto wa mwaka unaofuata. Nchi hii ilishiriki Olimpiki mara saba katika magongo kati ya mwaka 1956 na 1988, na mwaka 1971 ikamaliza ya nne katika Kombe la Dunia kule Barcelona. Tukitaka kurudi huko, mtu mmoja mmoja aliyecheza miaka mingi lazima abaki hapa chini, mahali watoto wanapoanzia, akiwafundisha kwa vitendo. Kipa huyu ni mmoja wa wachache waliobaki. Kila Jumatano jioni, akitoka kazini, huwapigia makipa wa shule mbili za jirani mipira kwa saa nzima, na hakuna aliyemtuma.

Nakuja kwenye vifaa, kwa maana nashuku kwamba vifaa ndivyo vinavyowashawishi viongozi kuliko wale chipukizi wawili, na sitawalaumu kwa hilo. Kinga tulizonazo zimekwisha. Ninaposhona mkanda siku hizi, sindano inapita kwenye sponji kama inavyopita kwenye mkate wa jana, na upande mmoja nimeweka kipande cha tairi la baiskeli kwa ndani ili uzi upate pa kushika. Helmeti ina ufa ambao nimeukagua mara mbili na kumwambia kocha kwamba haifai tena kuvaliwa kwenye kona fupi. Seti mpya ni ghali, na haipatikani katika duka lolote hapa mjini. Kwa hiyo mtu akija na seti nzima mkononi, ni vigumu kukataa, na anayekataa lazima aseme vifaa vitatoka wapi.

Nami nasema. Kwanza ni helmeti peke yake, kwa kuwa ndiyo inayohusu uhai wa mtu, na ununuzi wake usingoje mjadala huu uishe. Tufanye mchango. Waliowahi kuichezea timu hii ni wengi na baadhi yao wana kazi nzuri Nairobi, Eldoret na ng'ambo. Wakiandikiwa na kuelezwa ukweli watatoa, na mpwa wangu amekwisha kuahidi sehemu yake. Kinga za miguu zinaweza kusubiri mpaka msimu ujao, na mpaka wakati huo nitazishona bila malipo, za mkongwe na za binti, mara ngapi zitakavyoletwa. Hii si ahadi kubwa, lakini naitoa mbele ya wasomaji wako ili nisiweze kuirudisha.

Ombi langu kwa viongozi ni hili: waiambie klabu ya Nairobi kwamba hakuna jibu mpaka mwisho wa msimu, wamwite kipa na mwenzake kijana katika kikao kimoja pamoja na kocha, wawasikilize wote wawili, na waandike kwenye karatasi ni mechi zipi na robo zipi kila mmoja atacheza. Dirisha la usajili likikaribia kufungwa ndipo watu hutia saini kwa haraka, na bado tuna muda kabla ya hapo.

Wakati ninapomaliza barua hii, mezani kwangu kuna kinga kuukuu za mazoezi za yule binti. Zilikuwa za mtu mrefu kuliko yeye na zinamfika mbali mno juu ya goti, hivyo zinamzuia kuinama. Mkongwe ndiye aliyezileta, akachora kwa chaki mahali pa kukata, akaniambia niache nafasi ya vidole viwili chini ya goti, kwani mtoto bado anakua.

Fundi wa viatu,
Kakamega